Emu wa Kwenye Uzio

Wiki ya tatu sasa, mimi na mume wangu Darryl tulikuwa barabarani, tukivuta kwa gari karavani yetu kuukuu, kijumba cha magurudumu, katika nchi kavu ya Australia Magharibi na kulala bure popote palipo wazi kando ya njia. Hatukuwa na kazi nyingine ila kutazama wanyama na kubishana.

"Kangaruu, kulia!"

"Kisiki hicho, Narelle. Vaa miwani."

Jumanne tuliamka karibu na uzio mrefu wa waya, ule unaozuia wanyama wa porini wasiingie kwenye mashamba ya ngano. Nilipofungua mlango nikawaona emu, wale ndege wakubwa wasioruka, mfano wa mbuni. Walikuwa mia mbili, labda zaidi. Huko bara mvua ilikuwa haijanyesha mwaka wa tatu, nao walitembea kutafuta maji mpaka waya ukawakatalia. Walikwenda na kurudi wakiugonga kwa vifua, manyoya yamenyonyoka, damu inawatoka. Hawakulia. Kilichosikika ni waya tu.

Hatua chache kutoka kwetu alikuwepo dume mmoja na vifaranga watano wenye mistari. Kwa emu, baba ndiye mlezi. Mguu wa dume huyo ulikuwa umenasa kwenye waya.

Darryl akachukua koleo la kukatia waya. "Naukata huu waya."

"Watakufunga wewe!"

"Basi utaniletea soksi."

Alipochuchumaa tu, yule dume akaingiwa na hofu, akajirusha nyuma kwa nguvu zake zote. Mguu ukavunjika. Niliusikia. Darryl alibaki pale pale na koleo mkononi.

Nikajaza beseni maji, nikaliweka chini, tukajificha ndani. Emu wakalivamia kwa pamoja, likapinduka, mchanga ukanywa yote. Nikajaza tena. Likapinduka tena.

Saa nne akafika mlinzi wa uzio kwa gari lake, mwanamume wa makamo aitwaye Gavan. Akamwangalia yule dume, akavua kofia.

"Mlimgusa?"

"Tulitaka kumsaidia," Darryl akasema.

"Kila anayepita hapa anataka hivyo, mzee wangu."

Nikamwambia afungue geti. Lilikuwa pale pale, hata mita hamsini hazifiki.

"Mama, ufunguo ninao mfukoni. Lakini ngano hiyo imebakiza wiki mbili ivunwe. Ya shemeji yangu imo humo."

"Kwa hiyo wafe?"

"Sijasema wafe. Nimesema siwezi."

Akatoa bunduki garini. Niligeuka upande wa pili. Mlio ulipotoka, kundi lote likakimbia, kisha likarudi kwenye waya. Vifaranga hawakuondoka. Walijibanza kwenye mwili wa baba yao, upande wa kivuli.

"Nipe hao niwachukue," nikamwambia Gavan.

"Ni kosa kisheria. Tena watakufia garini. Huenda dume mwingine akawachukua, huwa inatokea."

"Mara nyingi?"

"Mara chache," akasema, akaondoka.

Tulibakiwa na lita kumi za maji, na kituo cha mafuta chenye bomba kilikuwa umbali wa kilomita mia moja na ishirini. Tukaiacha karavani, tukaenda. Tulijaza madumu yote, tukarudi saa tisa alasiri. Hakukuwa na emu hata mmoja aliye hai. Yule dume alilala peke yake, na nyayo, kubwa na ndogo zimechanganyika, zilielekea kaskazini kando ya waya, kusiko na maji kabisa.

Tukazifuata polepole, Darryl anaendesha, mimi nimetoa kichwa dirishani na darubini. Nilitafuta nyayo ndogo. Upepo ulikuwa umeanza kuzifukia. Kilomita ya thelathini tukakuta korongo la mchanga, magurudumu yakazama. Tulichimba kwa mikono mpaka gari likatoka, lakini mbele halikuweza kwenda.

"Tuwaachie maji hapa," Darryl akasema.

Nilijua hawatarudi nyuma. Hata yeye alijua. Tukachimba shimo, tukatandika turubai, tukamimina dumu baada ya dumu. Tukakaa ndani ya gari tukitazama mpaka jua likainama. Walikuja nyuki tu.