Wati Mia Tatu na Mto wa Itsuko

We! Mtaa mzima ulitoka nje siku mzee Kuramochi aliposimikiwa nguzo yake mwenyewe ya umeme uani. Nguzo ya zege, transfoma juu, ya mtu mmoja! Kuna Wajapani wapenda muziki wanaoamini umeme wa kuchangia na friji za majirani unachafua sauti.

Lakini Kuramochi hakutaka muziki. Alitaka neno moja tu. Mkewe, Itsuko, alikuwa amefariki majira ya kuchipua, na kanda aliyomrekodi zamani akipiga koto, zeze refu la kulazwa sakafuni, ilikuwa na kitu mwishoni. Uzi wa mwisho ukinyamaza, Itsuko anasema jambo. Miaka yote mzee alizima kanda kabla ya hapo. Sasa alikuwa anaitegea sikio kila siku mchana, na anaambulia mnong'ono.

Akanunua amplifaya ya wati mia tatu. Kimya kilekile! Akamwita fundi Tokie.

"Mzee, hii sauti umeifikisha mwisho?"

"Mwisho kabisa."

Tokie akatazama sindano ya wati kwenye amplifaya. Haikutikisika. Akacheka. "Kanda yenyewe inanong'ona, kwa hiyo spika zinapata wati moja, hata haifiki. Hizo nyingine zimelala. Umeme wote unaokula unaishia kuwa joto. Anayefaidi ni huyo."

Paka alikuwa amejinyoosha juu ya amplifaya, macho yamefumba nusu.

"Niongeze wati ziwe mia sita?"

"Hata ungezitumia zote, ukizidisha mara mbili sikio halistuki. Mpaka mara kumi ndipo utasema, ehee, imepanda maradufu. Utasimika nguzo ngapi, baba? Sogea tu. Ukikata umbali nusu, ni kama umezidisha wati mara nne, bure."

"Kiti changu hakisogezwi," mzee akasema kwa ukali. "Nilikipima kwa kamba. Sauti za spika mbili zinakutana hapa."

"Basi kaa pale."

Tokie alionyesha mto bapa wa sakafuni, kando ya spika ya kushoto. Pale alikuwa anakaa Itsuko, akifuma, na mzee akimwambia pale husikii kitu. Tangu msiba hakuna aliyeukalia.

Fundi akaenda zake. Mzee akasimama, akakaa tena, akasimama. Mwishowe akaianzisha kanda, akapiga magoti kwenye mto, sikio karibu ligusane na spika.

Uzi wa mwisho ukanyamaza. Halafu, jamani, wazi kabisa:

"Haya, zima. Njoo tule, samaki anapoa."

Mzee akangoja ajisikie akijibu. Wapi! Siku ile ya kurekodi alikuwa anatazama sindano ya kinasa sauti. Kwenye kanda kulikuwa na nyayo tu, zikielekea jikoni, na bakuli moja likiwekwa mezani. Kisha la pili.

"Nakuja," akasema.

Paka akainua kichwa, akakilaza.