Uso wa Kapitan na Kina cha Mto

Mtaa wetu uko ukingoni mwa mto, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza kulowa. Kwa hiyo Rowena, mjukuu wa jirani yangu, aniitaye Lola, yaani bibi, aliponiambia yeye na wenzake wanautengenezea mtaa tovuti, bure, ifunguliwe Siku ya Uhuru, nilimwuliza jambo moja tu.

"Itaniambia maji yamefika wapi?"

"Ndilo la kwanza utakaloona, Lola. Namba kubwa, juu kabisa. Hata miwani huhitaji."

Wako tisa, mafundi wa tovuti wote, na hukutana kila Jumamosi juu ya duka la mikate.

"Wiki nzima tunawatengenezea Waaustralia kurasa za kuuzia vitanda vya mbwa," Rowena alisema. "Mbwa wa watu wana tovuti, Lola. Sisi mto ukifurika tunangoja kengele ya kanisa ituambie."

Wakafanya kazi mwezi mzima. Kisha wakampelekea Kapitan Anselmo, mwenyekiti wa mtaa. Huyu sura yake iko kwenye gari la wagonjwa, kwenye mifuko ya mchele wa msaada, mpaka kwenye pipa la taka, naye anatabasamu.

Akatazama ukurasa. "Mzuri. Mimi niko wapi?"

Akataka picha yake juu kabisa, amevaa barong, lile shati letu la sherehe, bendera inapepea nyuma yake. Namba ya mto ikae chini. La sivyo, hatoi kibali.

Rowena alinijia macho yamevimba. "Picha yenyewe nzito kama kabati. Kwake ofisini intaneti inakimbia, haoni shida. Bora tuache tu."

"Usiache. Iweke, tena iwe kubwa zaidi."

"Lola!"

"Mtii mkubwa wako, mwanangu."

Jumatatu iliyofuata, kama Jumatatu zote, tukakusanyika mbele ya ofisi ya mtaa kupandisha bendera. Tukaweka mkono kifuani, tukaimba. Kapitan akatangaza tovuti, ingali ya majaribio, nami nikasogea na simu yangu kuukuu.

"Kapitan, nifungulie. Mie miwani nimeiacha nyumbani."

Akafurahi, akaiinua juu watu waone. Tukangoja. Zikaja nywele.

"Hizo nywele zangu," akasema.

Tukangoja tena. Likaja paji la uso.

"Paji lenyewe uwanja," Aling Charing, muuza samaki, akasema. "Tutafika adhuhuri."

Zikaja nyusi. Bando likakata.

Watu walicheka mpaka mlinzi akaegemea mlingoti. Kapitan akawa mwekundu. Nikamshika mkono kwa adabu zote.

"Wasamehe, Kapitan. Mimi kinachoniuma ni kimoja. Kila mvua ikinyesha, watu watafungua simu kutafuta mto, wakuone mpaka nyusi. Watasema wana kiongozi asiye na mdomo. Na uchaguzi ndio huo."

Akamgeukia Rowena.

"Na nikikaa chini?"

"Chini utafunguka taratibu, Kapitan, wakati watu wanasoma namba."

"Mpaka mdomo?"

"Mpaka kidevu."

Basi akashuka.

Sherehe ya Siku ya Uhuru yenyewe haikukolea. Mvua ilianza alfajiri, gwaride likavunjika, bendera za karatasi zikachuja rangi barabarani. Baada ya chakula cha mchana nikafungua simu. Mita kumi na tano, kipimo cha sisi wa ukingoni kuhama. Namba ilitokea kabla sijakaa vizuri kitini. Nikabeba mchele na picha ya marehemu mume wangu, nikagonga kwa Aling Charing, naye akagonga kwa jirani yake, tukapanda shuleni. Njiani watu walikuwa wakiulizana, "Ngapi sasa?" na anayejibu alikuwa yeyote mwenye simu. Kapitan nilimpita kwenye ngazi, amejitwika godoro la mtu, tope mpaka shingoni.

Maji yaliingia mlangoni kwangu jioni, hayakukuta mtu.

Nilikaa kwenye sakafu ya darasa na bakuli la uji wa mchele na tangawizi. Rowena alikuwa amelala juu ya mfuko wa nguo, kompyuta kifuani. Katika maisha yangu nimeimba wimbo wa taifa mara nyingi kuliko nilivyoosha vyombo, na mara nyingi nilikuwa nawaza mengine, sitadanganya. Siku hiyo hakuna aliyeimba. Nikamfunika Rowena kitambaa cha meza ya mwalimu, nikampunguzia mwanga wa simu usimwamshe, nikaendelea kuitazama namba, maana kumi na saba, ile ya kuzamisha mtaa mzima, ilikuwa bado haijafika.