Tundu la Pili

Jumamosi moja mwaka 2012, saa tisa alasiri, kanisani Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Néhémie, fundi wa kwaya, alichomeka kisanduku cha kurekodia sauti kwenye laptopu ya kwaya. Kisanduku alikinunua Mbarara, kimeshatumika na diski yake imepotea. Windows ilikikataa, ikitaka diski kwanza. Basi Néhémie akaweka Linux badala yake, nayo ikakipokea palepale bila kuuliza kimetoka wapi.

Kilikuwa na matundu mawili. Maikrofoni ilikuwa moja tu, akaichomeka kwenye tundu la kwanza. Kwaya ilipoanza kuimba, taa ya tundu la pili nayo ikawaka, na kwenye hedifoni ikasikika besi ya Natanaeli, mume wa Marthe mwanakwaya, aliyeuawa Fizi, kwao Kongo, miaka mitatu nyuma.

"Anachelewa kidogo ku kiitikio," Néhémie alisema.

"Hata zamani alikuwa anachelewa," Marthe akajibu, akaomba hedifoni.

Hapo ndipo wazo lilipomjia Marthe. Faili lake la kuhamia ng'ambo na watoto lilikuwa limekwama kwenye ofisi ya wakimbizi kwa jambo moja: hakuwa na karatasi ya kifo cha mumewe. Sasa jamani, karatasi hiyo aitoe nani, waliomuua? Baada ya mazoezi akamwomba Natanaeli, kwenye maikrofoni, aseme mwenyewe alivyokufa. Natanaeli akataja jina lake na tarehe, bila haraka, kisha akasema, "Balinipiga risasi mu shamba ya mihogo." Néhémie akayatia yote kwenye CD.

Jumatatu karani wa ofisi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kijana mstaarabu, hakumcheka mtu.

"Mama, sauti iko safi kabisa," alisema. "Lakini huyu mzee anaongea. Mtu anaongea, mimi naandika yuko hai. Sasa yeye mwenyewe akuje hapa, aweke kidole. Bila yeye faili haiendi."

Akaandika hivyo, akapiga muhuri. Mnyonge hana haki. Marthe alirudi Juru kwa miguu, hasira zikimtoa machozi njia nzima.

Jumamosi iliyofuata aliisogelea maikrofoni kabla ya wimbo.

"Baba Gisèle, banakuita ku ofisi. Banataka uweke kidole."

Taa ya tundu la pili ikawaka.

"Kidole iko kule mu mihogo, Mama Gisèle. Mikono yote iko kule."

Néhémie akapunguza besi kidogo, na kwaya ikaanza ubeti wa kwanza.