Ufukwe wa Chini

"Pango lenyewe zuri sana," alisema Joost, akichovya mkate kwenye mchuzi wa mbaazi. "Nimewawekea mikoba yao humo, vinywaji visipate jua."

Verlyn Enoe alikuwa ameinua kijiko. Kikabaki hewani, hakiendi mdomoni, hakirudi bakulini. Akauliza, pango gani?

Joost ndiye msaidizi mpya wa nahodha, Mholanzi aliyepanda melini Jumatatu na ambaye pua yake ilikuwa bado inaambuka kwa jua. Alijibu kwa upole wa mtu aliyekaribia kushiba: lile la Petit Gaspard, pale alipowashusha wageni saa tatu na nusu asubuhi. Ufukwe mdogo kama sinia. Ukuta wa mwamba nyuma, pango pembeni, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Akampongeza kabisa. Eti amejua kuchagua.

Verlyn hakuwa amechagua mahali penye pango. Ufukwe alioupanga ulikuwa na mchanga mrefu, miti ya kivuli, banda la Miss Ordelle la samaki wa kukaanga, na choo chenye mlango unaofungika, maana mpangaji wa matembezi huangalia choo kwanza, bahari baadaye. Pango katika kisiwa cha Petit Gaspard lilikuwa moja tu, na watu wa Carriacou, kisiwa cha Karibi alikozaliwa Verlyn, hawakupaita pale ufukweni. Walipaita Kooni.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini.

Meli yao, Lady Ismay, ilichukua abiria thelathini na wanne tu. Zile meli kubwa za ghorofa kumi na mbili zikipita kwa mbali, mabaharia walikuwa wakiiita yao Kikombe. Ofisi ya Verlyn ilikuwa meza ya kukunja kando ya stoo ya vyombo. Mpishi akikaanga vitunguu, yeye ndiye anayelia. Hapo ndipo alipoandika kila jioni karatasi ya kesho: nani anashuka wapi, kwa mashua ipi, anakula nini, anarudi saa ngapi. Miaka kumi na moja ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuwajua wageni kwa magoti yao kabla ya majina. Wenye magoti mazima aliwapeleka mlimani. Wenye magoti mabovu aliwatafutia mahali ambapo mashua inapanda mchangani yenyewe na mtu anashuka kama anayeshuka kitandani. Leo waliopelekwa Petit Gaspard walikuwa ndio hao, tisa, Kundi la Magoti. Mdogo wao alikuwa na miaka sitini na nane. Mkubwa wao, Bi Greta Thornquist wa Minnesota, alikuwa na miaka themanini na mmoja na fimbo yenye mpira mwekundu chini, na jana usiku alimuuliza Verlyn mara mbili kama kuna ngazi. Verlyn alimwambia hakuna hata moja. Alimwambia, "Utashuka kama malkia, mama."

Kisha akaenda mezani kwake na kuandika, kwa penseli, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: *Kundi la Magoti, Petit Gaspard, ufukwe wa chini. Kuchukuliwa saa tisa.*

Sasa, kwa mtu wa Carriacou, hapo hakuna cha kuuliza. Juu ni upepo unakotoka, chini ni unakokwenda. Watu kule wanakwenda juu bila kupanda kilima na wanakwenda chini bila kushuka ngazi. Bibi yake Verlyn alikuwa akimwambia asogeze chungu chini kidogo jikoni, na madirisha yote yamefungwa, na chungu kilisogezwa kunakostahili. Ufukwe wa chini ni ule wa magharibi, uliopewa kisogo na upepo, ambao hata mtoto mchanga unaweza kumwacha hapo. Verlyn hakuwahi kufikiri kwamba neno hilo lingeweza kumaanisha kitu kingine, kama vile mtu asivyofikiri kwamba mkono wake wa kulia unaweza kuwa wa kushoto.

Lakini Joost alifunzwa ubaharia kwenye ramani, na kwenye ramani chini ni kusini. Alichukua karatasi ya Verlyn, akachukua ramani, akashusha kidole mpaka ncha ya kusini ya Petit Gaspard. Na kweli, palikuwa na alama ndogo ya mchanga.

Ubaya wa Kooni ni kwamba asubuhi panapendeza. Saa nane mchana, mkondo unapogeuka, unakutana na upepo uso kwa uso katikati ya visiwa, bahari inajikunja, na yote inaingia pale kwa mpigo. Ufukwe unabaki jina. Verlyn alikuwa darasa la nne pale wanaume wawili wa kijiji chao cha L'Esterre walipokwenda kuokota konokono wa bahari mle. Ndoo ilipatikana.

Aliweka kijiko mezani. Akachukua redio ya mkononi na kuita, maana Joost, apewe haki yake, alikuwa amewaachia wageni redio. Aliita mara nne. Ilimjibu kwa mkwaruzo tu, kama mtu anayekuna sufuria. Joost akaacha kutafuna. Akasema labda ni ule mwamba unazuia, kisha akamtazama usoni, akasimama.

Kutoka mezani mpaka chumba cha usukani kuna ngazi kumi na moja, na Verlyn alizipanda akiwa na karatasi mkononi. Ukweli usemwe: kwenye ngazi ya nne alikumbuka kwamba ile ni penseli. Kwenye ya sita alikumbuka kwamba kifutio kiko mfukoni mwake, palepale kinapokaa siku zote. Neno lenyewe lina herufi tano. Joost alikuwa mgeni, kijana, na makosa ya kijana mgeni husameheka. Yake yeye, mwanamke wa kisiwani, mama wa watoto wawili wanaosoma Grenada, yangekuwa na bei. Mpaka ngazi ya tisa alikuwa bado anawaza. Kwenye ya kumi aliona aibu iliyomfanya aruke ya kumi na moja.

Nahodha alisoma karatasi, akasikiliza, akatazama saa yake. Alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi, nahodha. Yeye amesoma tu kilichoandikwa."

Nahodha akasema hayo watayaongea baadaye, karatasi aiache hapo. Mashua iondoke sasa hivi.

Mashua nyingine ilikuwa imerudi dakika kumi tu zilizopita kutoka kuwashusha wapanda mlima, na mwendeshaji wake, Cuthbert Bethel, alikuwa amekaa juu ya ukingo wake wa mpira akila samaki kwa mkono. Cuthbert ni mtu ambaye hata msibani hukaliwa mbali, kwa sababu atakuchekesha wakati sala inasomwa. Alipomwona Verlyn anashuka na jaketi la kuokolea limefungwa mpaka kidevuni, akacheka kabla ya kusema.

"Bibi Ratiba leo anapanda mpira? Basi meli inazama, jamani, tuagane."

Utani wenyewe ulikuwa na mzizi. Verlyn hajui kuogelea. Amezaliwa hatua ishirini kutoka majini, na maji yakimpita kiunoni anaanza kutaja majina ya watakatifu. Miaka kumi na moja alikuwa amewapanga watu baharini huku yeye amekaa, kama mpishi asiyeonja.

"Wako Kooni," akamwambia. "Tisa. Wazee."

Cuthbert akatazama jua, halafu akatazama mlango wa bahari kati ya visiwa. Akamtupa samaki majini akiwa hajafika nusu. Hakusema tena kitu, akawasha injini, na hapo ndipo Verlyn alipoogopa kweli. Bahari alikuwa amezoea kuiogopa. Cuthbert asiye na la kusema hakuwahi kumwona.

Walikwenda watatu: Cuthbert kwenye injini, Joost mbele na kamba, Verlyn katikati amekaa chini, vidole vimeingia kwenye kishikio mpaka vikapoteza rangi. Joost alimwambia asije, mashua ikirudi itajaa. Verlyn akajibu kwamba yeye anajua nani hawezi kuinua mguu, nani ana betri moyoni na nani hasikii sikio la kushoto. Joost alijua nini? Joost akampisha.

Mpaka nusu ya njia maji yalikuwa laini. Kisha yakabadilika rangi, kama uso wa mtu aliyesikia jambo. Mashua ikaanza kupanda na kuanguka, na kila ilipoanguka Verlyn alisikia meno yake yakigongana. Aliwahesabu wageni kichwani, kwa mpangilio wa karatasi yake, kutoka wa kwanza mpaka wa tisa na tena kutoka wa kwanza, kwa sababu kila alipoacha aliiona ndoo.

Walipozunguka ncha ya kisiwa, sinia la Joost halikuwepo. Palikuwa na povu, na nyuma ya povu ukuta mweusi, na kwenye kingo ya mwamba, kama kimo cha meza juu ya maji, watu wamesimama bega kwa bega wakitazama bahari na mikono imebanwa ukutani nyuma yao. Mwavuli wa njano ulikuwa unaelea peke yake, unapinduka, unajifunua.

Verlyn alihesabu. Nane.

Akahesabu tena. Nane.

Cuthbert aliizuia mashua nje ya povu, akawa anatazama mawimbi kwa macho membamba. Akasema yanakuja matatu makubwa, halafu pumzi kumi za utulivu, na kila utulivu atarudi nyuma mpaka mwambani, achukue wawili au watatu, atoke. Injini ikigusa jiwe ndiyo basi, wote watakuwa wakazi wa Kooni. Alilisema hilo bila kucheka.

Utulivu ukaja. Joost akaruka na kamba, akateleza, akasimama, damu kwenye goti. Verlyn alijikuta amepiga magoti ukingoni, anaita majina kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo. Bwana Pruitt kwanza, ana kizunguzungu. Mshike kwapani, usimvute mkono. Bi Castellane na mumewe pamoja, peke yake hatakubali kutoka. Wakaingia kama magunia. Cuthbert akatoka nje, matatu yakapita, akarudi. Yule wa shati la bluu, mwite kulia kwake, hasikii kushoto. Wawili. Wawili tena. Maji yalikuwa sasa yanapita juu ya kingo, na wa mwisho, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliingia mashuani akilia kama mtoto na kusema kwamba Greta yuko ndani. Mawimbi ya kwanza yalipoanza walimkalisha pangoni, kwenye mikoba, kwa sababu hakuweza kupanda kingo. Walidhani kule ndiko salama.

Wote wakageukia mdomo wa pango. Kutoka pangoni maji yalikuwa yanatoka kwa mkoromo, na kabla hayajaisha kutoka mengine yalikuwa yanaingia.

Joost alijifunga kamba kiunoni. Uso wake ulikuwa mweupe kupita kawaida yake. Alimtazama Verlyn, akataka kusema kitu, labda kuhusu ramani, na Verlyn akamwambia, "Nenda, mwanangu. Sasa." Akaenda. Wimbi la kwanza likamfunika na kamba ikabaki inateleza juu ya jiwe. La pili. Kamba haikusogea. Katika la tatu Verlyn hakutaja mtakatifu hata mmoja, alisahau majina yote.

Kisha kamba ikakaza, na kwenye mdomo wa pango akatokea Joost anatembea kinyumenyume kama mtu anayehamisha kabati, amemkumbatia bibi kizee asiye na viatu, nywele zake nyeupe zimemlalia usoni. Cuthbert alirudi nyuma bila kungoja pumzi kumi. Injini iliparuza jiwe, ikapiga kelele mbaya, ikaendelea. Verlyn akajitupa nusu nje ya mashua, maji yakamfika kifuani, akanyoosha mkono. Vidole vya yule mama vikamfunga kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakuna mtu wa miaka themanini na mmoja anayeruhusiwa kuwa nayo. Wakamvuta. Joost akaingia mwenyewe, akalala chini ya mashua akitapika chumvi.

Cuthbert akageuza mashua kuelekea melini. Walipofika melini waliwapandisha mmoja mmoja, mablanketi, chai, muuguzi akipima hiki na kile. Bi Thornquist hakumwachia Verlyn. Walipandishwa pamoja, wakapitishwa mlangoni kiubavu pamoja, wakalazwa pamoja, mmoja kitandani na mwingine kwenye stuli. Muuguzi alijaribu kuvibandua vile vidole, akafanikiwa kimoja, kikajirudia. Akaachana navyo. Alisema ana homa kidogo, kifua kina maji, watajua kesho.

Mama yule alikuwa macho, anatazama dari.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Joost, goti limefungwa bandeji, alisema kwa sauti ya chini kwamba nahodha anamhitaji Verlyn juu, sasa, na ameshapiga simu makao makuu ya kampuni. Akasimama akingoja, mkono kwenye kitasa.

Verlyn akajaribu kuinuka. Vidole vikakaza. Akakaa. Chini ya vidole vile, mahali ngozi mbili zilipogusana, kitu kilikuwa kinadunda, haraka, bila mpangilio, na ingawa alitulia na kukisikiliza kwa muda mrefu, hakuweza kujua kama ni moyo wake au wa yule mama.