Mtini Dume wa Nyumba ya Jejiga

Shemeji yangu Meziyan alisimama katikati ya mitini, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuihamia.

"Ferruja, mwaka huu ndio wa mwisho," akaniambia. "Tini zikipukutika tena, naleta tingatinga. Nang'oa yote, najenga banda la kuku."

"Kuku, Dda Meziyan?" nikamwuliza. Dda ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri.

"Kuku, ndiyo. Kuku haningojeshi mpaka mdudu aje kumwozesha."

Mkwe wangu Taus, mke wa mwanangu, aliyekuwa akipalilia, akainua kichwa. "Kuku naye ana jogoo wake, Dda Meziyan."

"Wa siku hizi hawana jogoo. Wanataga tu."

"Basi masikini wao," akasema Taus, na mzee akacheka bila kutaka. Lakini alipogeuka kuondoka hakuwa anacheka. Shamba ni la urithi, halijagawanywa, na yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Akisema kitu kitang'olewa, kitang'olewa.

Sikumlaumu. Tangu moto ule mkubwa upite mlimani kwetu hatujala tini ya kwetu. Mitini yenyewe ilipona, maana moto ulifuata korongo ukaenda upande mwingine. Kilichoungua ni mitini dume kule korongoni, ile ya mwituni ambayo tini zake haziliki, ngumu na kavu kama kizibo. Watu wa barabara wakaja na mashine zao wakang'oa hata visiki. Hakuna aliyewazuia. Nani angelilia mti usioliwa?

Lakini ndani ya tini dume wanaishi vijinyigu, weusi, wadogo kuliko chawa. Mwanzo wa kiangazi tunazichuma tini hizo, tunazitunga kwenye nyuzi za majani makavu kama shanga, tunazitundika kwenye mitini yetu ya kike. Vijinyigu wanatoka wakiwa wamejaa unga wa maua, wanatafuta mlango kwenye tini changa. Bila wao tini inafika ukubwa wa njugu, inageuka njano, inaanguka. Asubuhi unaamka unaikuta chini imetapakaa, na inavyopasuka chini ya viatu inatoa sauti mbaya.

Meziyan alijaribu. Mwaka juzi alikwenda soko la ng'ambo ya mlima akarudi na tini dume kwenye mifuko ya nailoni, ameifunga fundo ili wadudu wasimtoroke njiani. Jua la garini liliwapika wote. Tulitundika makaburi matupu mitini mwote, tukasema bismillahi, tukangoja. Mwaka jana akafanya vilevile, ila mara hii alitoboa mifuko, na wadudu wakaishia ndani ya gari. Wiki nzima alikuwa akijipangusa shingo.

Siku ile alipoondoka, Taus akanisogelea na jembe lake.

"Mama, kule kwa Nna Jejiga kuna mtini dume."

"Najua."

"Umeota tena kwenye kisiki. Unaonekana juu ya ukuta. Na una tini."

"Nimekwambia najua, mwanangu."

Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilipita upande wa pili wa njia. Nyumba ya Jejiga ndiyo nyumba pekee ya kwetu ambayo moto uliingia. Jejiga, tuliyemwita Nna kwa heshima ya uzee wake, alikuwa kipofu na mjane, hana mtoto. Watu walipokuwa wakikimbilia chini, Akli mume wangu alisema, "Nenda, nakuja nyuma yako na Nna Jejiga." Nilimwona anainama kupita mlango ule mfupi. Paa lilianguka. Hakutoka hata mmoja. Tuliwazika kesho yake, na tangu hapo sijakanyaga uani pale. Watu walisema asubuhi pananukia kahawa. Mimi nilisema wafu wako kwa Mungu, hawapiki kahawa. Hata hivyo nilipita upande wa pili wa njia kama wenzangu.

Usiniulize nililala vipi. Kulipopambazuka niliswali, nikatoka nje nikalowesha kidole na kukiinua. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Siku ya upepo hatutundiki, maana vijinyigu wanapeperushwa ovyo. Nikamgongea Taus.

"Chukua kikapu."

"Twende wapi?" Kisha akaniona usoni. "Haya, mama."

Mlango mfupi wa ua wa Jejiga ulikuwa umebaki fremu tu. Nikasimama mbele yake nikatoa salamu kama inavyotolewa kwa watu wa makaburini. Kwetu mtu hachumi tini dume za mwenzake bila ruhusa. Ukiiba, wadudu wanakufa kabla hujafika shambani, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo nikasema kwa sauti, "Nna Jejiga, ni Ferruja wa Akli. Naomba tini dume za mti wako."

Taus akanong'ona, "Sasa tunangoja ajibu?"

"Tunangoja kidogo. Ni adabu."

Tukangoja. Kisha nikainama, nikaingia.

Ndani nyasi zilinifika magotini. Juu ya mabamba ya paa palikuwa na konokono weupe, na mjusi akakimbia. Mtini ulikuwa umeota pembeni ya kisima, matawi mengi kutoka kisiki kimoja cheusi, majani mapana. Nikachuma tini moja nikaipasua kwa kucha. Unga ukanimwagikia kidoleni, na katikati ya unga wakawa wanatembea, wanang'aa, wanakausha mabawa.

"Wapo," nikasema.

Taus akaanza kuchuma haraka, na mimi upande wangu. Hapo ndipo aliposimama, mkono hewani.

"Mama, nani anapiga mluzi?"

Na mimi nilikuwa nimeusikia. Mluzi wa chini chini, usio wimbo, wa mtu ambaye mikono yake ina kazi na mdomo hauna. Ulitoka upande wa chumba kilichoanguka. Akli alikuwa akipiga hivyo akitunga tini, na mimi nilikuwa nikimwambia aache, si vizuri kupiga mluzi ukiwa na jina la Mungu mdomoni.

"Upepo," nikamwambia Taus.

Akatazama majani ya mtini. Hata moja halikutikisika. Akaendelea kuchuma, ila amenisogelea mpaka viwiko vyetu vikagusana.

Kikapu kilipofika nusu nikamwambia basi.

"Basi vipi? Bado nusu ya mti!"

"Hizo ziache."

"Mama, mitini yetu ni mingi. Hizi hazitoshi hata ya chini!"

Nikamwonyesha kwenye matawi mapya. Palikuwa na tini nyingine changa, kijani, ndogo, za mti uleule dume. "Wanaotoka kwenye hizi kubwa wanaingia kwenye hizi ndogo, wanataga. Wanaoingia humo wanaacha watoto. Wakiingia kwenye tini zetu, mlango ni mwembamba, mabawa yanakatika, na ndani hawapati pa kutaga. Wanafia humo. Tini yetu inaiva juu yao. Tukichukua zote, tunawapeleka wote huko, na mwakani tini za mti huu hazitakuwa na aliye hai, kama zile za sokoni."

"Na Dda Meziyan? Yeye hangoji mwakani."

"Najua."

"Utapoteza mitini ya Baba Akli."

Nilikuwa nautazama mlango ule mfupi. Nilifikiri habari ya kiumbe kinachoinama kuingia mahali kwa ajili ya kingine, na wengine wakaishi. Mungu anajua aliyoyapanga na mimi simuulizi. Lakini kuwapeleka wote, asibaki hata mmoja, mkono wangu ulikataa. Nikafunika kikapu kwa kitambaa kilicholoa, tukatoka tukiwa tumeinama.

Tulitunga na kutundika kabla jua halijapanda. Tini zilitosha mitini ya chini, ile iliyo karibu na chemchemi. Ya juu ikabaki bila kitu, na tulilijua hilo tangu siku ile.

Ilikuwa kama nilivyotarajia. Kiangazi kilipokolea, mitini ya juu ikaanza kupukutisha tini zake. Ya chini ikashikilia. Kila alfajiri nilikuwa naenda kuzigusa tini zake kwa vidole, moja moja, kuona kama zimelegea.

Meziyan alikuja na tingatinga mwisho wa joto. Dereva akaanzia juu. Mizizi ilikatika kwa mlio ambao sipendi kuukumbuka, na harufu ya maziwa ya mtini ikajaa bonde zima. Nilikaa chini ya mitini ya chemchemi na tasbihi yangu. Mashine ilipoteremka kuja kwetu, Meziyan akainua mkono.

"Hii iache," akamwambia dereva. Akachuma tini moja iliyoiva, akaipasua, akala na ganda lake. Alitafuna muda mrefu. Kisha akanigeukia kwa hasira.

"Taus ameniambia kulikuwa na tini dume za kutosha kule. Ungezichuma zote usingepoteza mti hata mmoja! Ni ukaidi gani huu, Ferruja?"

"Njoo nikuonyeshe, Dda Meziyan."

"Wapi?"

"Kwa Jejiga."

Akarudi hatua moja. Lakini alikuja, anatembea nyuma yangu, na safari hii hatukupita upande wa pili wa njia. Kwenye fremu ya mlango akasimama.

"Karibu ndani."

"Nitaona kutoka hapa."

Nikaingia peke yangu. Zile changa za wakati ule sasa zilikuwa zimekomaa. Nikachuma moja nikamletea mlangoni, nikaipasua mbele yake. Wakatoka, wengi, weusi, wakapanda kidoleni kwangu, wakavuka kwenda kwenye kiganja chake. Mwaka uliopita angejipangusa na kutukana. Sasa alinyoosha kiganja, akakikinga kwa mkono wa pili wasidondoke.

"Hawa ndio wa mwakani," nikasema.

Hakunisikia. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye chumba kilichoanguka, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kisha akaita jina la mdogo wake, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempitia mwenzake waende msikitini.

"Akli?"

Tukangoja, yeye nje na mimi ndani, na vijinyigu wakaruka mmoja mmoja kutoka mkononi mwake.