Chujio la Nne

Jumatatu asubuhi Anatolia alikuwa amebakiza chujio moja tu la kupanga. Ofisi yao ya Bukoba ilikuwa ikitengeneza seva ya kusajili vibanja vya Muleba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, na meneja wao, Bwana Kagaruki, alitaka kila chujio, kipande cha programu kinachopitisha maombi, lipewe jina na kundi lake: yanayokagua ombi likiingia, na yanayosafisha jibu likitoka. Yote yalipangika isipokuwa la nne. Halikuandikwa na mtu yeyote, na kila ombi la mjane lilipolifikia lilirudi tupu.

Anatolia hakuwa na raha. Usajili ungefungwa Ijumaa, na ombi la mama yake, Kokwijuka wa Kamachumu, lilikuwa limerudi mara sita. Asipoandikwa yeye, kibanja alichoachiwa na marehemu mumewe kingekwenda kwa shemeji yake Gozbert, ambaye tayari alikuwa amekata migomba minne akipima pa kujenga. Anatolia akaketi, akainuka, akafunga dirisha, akalifungua tena. Mwishowe akaingia chumba cha seva.

Babu yake mzaa baba, mzee Lwakatare, waliyemzika Anatolia akiwa darasa la tatu, alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya nyaya, na koti lake la kanisani, akitafuna kahawa. Maganda aliyatemea kiganjani kwa adabu. Anatolia akamwamkia, akamweleza kwamba ni lazima ampangie kundi kama machujio mengine. Je, ni wa kuingia au wa kutoka?

"Mimi ni wa ukoo," alisema mzee. "Andika hivyo."

Anatolia aliandika. Kisha akamfuta kwenye seva. Mzee akasogeza kigoda kama anayempisha mtu wa ufagio, halafu akakirudisha. Mpaka mchana alikuwa amemfuta mara tatu.

Alhamisi mama akaja mwenyewe. Alipoambiwa nani anamzuia, alisema alijua tangu siku ya matanga ya mumewe. Akafungua kitambaa, akatoa kahawa ya kutafuna, akapiga magoti na kuitoa kwa mikono miwili. Anayepokea kahawa yako amekupokea wewe. Hilo Mhaya hafundishwi. Anatolia alisimama mlangoni.

"Tata waitu, baba yetu," alisema Kokwijuka, "migomba ile niliipanda mimi."

Mzee akapokea, akatafuna taratibu. Akasema kahawa imekaushwa vizuri, na kwamba hajapata kuwa na mkamwana mwema kama yeye. Kisha akamrudishia ombi lake la saba, tupu.

Ijumaa Bwana Kagaruki aliisifu orodha. Aliomba tu "Chujio la Ukoo" liitwe "Chujio la Utaratibu", wageni wa mradi wasije wakauliza maswali. Mzee hakujali aitwe nani. Ombi la Gozbert lilipita saa tisa na nusu, na saa kumi usajili ukafungwa.

Jumatatu iliyofuata Kokwijuka alipiga simu kutoka kijiji cha Ngenge, kwa dada yake, alikohamia na vyombo vyake. Aliuliza kama mzee amekula. Anatolia akasema amekula.