Kipaza na Masharubu Yangu

Wallahi haya ni kweli tupu. Niliyawekea dhamana masharubu yangu, niliyoyatunza tangu kabla ya ndoa hadi kustaafu. Mke wangu husema aliolewa na masharubu, mimi niliongozana nayo tu.

Aliyebisha ni mpwa wangu, kinyozi. Nilikuwa kwenye kiti chake, shuka shingoni, povu kidevuni, nikimsimulia habari za kocha wa timu ya taifa, ambaye enzi zetu tulimwita Kipaza.

"Alikuwa beki wa kati," nikamwambia. "Mbio hana, chenga hana, ila mdomo! Akisema 'rudi', unajikuta umesharudi. Siku ya fainali alimfokea straika wa wapinzani: 'Rudi ukabe!' Yule bwana akarudi, akatukabia sisi kipindi kizima. Refa akaambiwa asimame kwenye ukuta, akasimama, filimbi mdomoni. Mtu kama huyo utaacha kumpa timu ya taifa?"

"Mjomba, umeanza!"

"Nilikuwepo! Kipa nyuma yake ni mimi. Kama naongopa, yanyoe."

"Masharubu?"

"Yote!"

Wateja kwenye benchi wakashangilia. Mtasema nilipanga, lakini mlango ukafunguka papo hapo, akaingia Kipaza mwenyewe, anataka kunyolewa kabla timu haijasafiri. Povu likanikauka.

"Shikamoo, Kocha," mpwa wangu akamdaka. "Eti huyu mzee alikuwa kipa wako?"

Kipaza akanitazama, akanikonyeza. Mungu ambariki.

"Tena kipa hodari," akasema. Kisha akaviringisha taulo, akalivurumisha. "Kipa, daka!"

Nikajikunyata, mikono usoni. Taulo likapita juu yangu, likamvaa mteja wa mwisho benchini.

"Kipa anakwepa!" Duka zima likalipuka kwa kicheko.

"Sasa nimemkumbuka," Kipaza akasema, akijifuta machozi. "Huyu alikuwa anakata tiketi getini. Siku ya fainali alinizuia nisiingie, eti sina tiketi!"

Nikainua pua, mpwa wangu akawasha mashine.

Upande wa kulia ukaondoka salama. Kipaza, benchini, alikuwa amekodolea macho televisheni ya ukutani, inarudia mechi ya timu yake. Beki wake mmoja akazubaa na mpira. Kipaza akaruka wima.

"Kushoto! Peleka kushoto!"

Mashine ikaenda kushoto.

"Safi! Sasa panda! Panda, unaogopa nini?"

Mashine ikapanda.

Mpwa wangu akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mjomba," akanong'ona, "hata sijui nimefikaje huko."

"Si nilikwambia, unajikuta tu?"

Nikajitazama kwenye kioo. Masharubu nililipa kwa uongo wangu wa ukipa. Lakini unyusi wa kushoto, jamani, huo nililipa kwa kusema kweli.